Kona ya Turkana

Mke wangu ameshona kilomita elfu kumi kwa mkono. Wanaopenda kunipunguzia chumvi wanaweza kutoa sifuri moja, lakini mbili sitakubali, kwa sababu ushahidi ninao. Uko hapa kwenye kitanda chetu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Mowlem, Nairobi, umekunjwa upande wa mke wangu. Upande huo hauna mtu, huu ni mwaka wa tatu.

Ni mfarishi. Neno hilo nililiokota kwenye kamusi nilipokuwa nasoma shule ya jioni. Kabla ya hapo sote tuliuita blanketi la viraka, na jirani mmoja akauita gunia la mitumba, mke wangu akaacha kumwazima pasi. Una tabaka tatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa: vitenge, mabaki ya mapazia ya watu wa Buruburu, shati langu la harusi lililokataa kabisa kufunga vifungo vya tumbo. Katikati kuna blanketi jembamba la zamani. Chini, kitambaa cheupe cha pamba, kizima. Halafu tabaka hizo tatu zinashikanishwa kwa mshono mdogo mdogo wa mkono, sindano ikizama na kuibuka, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuunganisha vipande kulimchukua miezi sita. Kushikanisha kumechukua miaka tisa, na bado.

Bado kona moja. Kona ile ndiyo iliyotaka kunivunjia nyumba.

Mimi ni dereva wa basi la shule. Watoto wananiita Dere, walimu wananiita Dere, hata mwalimu mkuu, aliyenipigia makofi nilipopata cheti cha kidato cha nne nikiwa na mvi, kesho yake asubuhi aliniita Dere. Sina kinyongo. Kazi hii ina zawadi moja ambayo mawaziri hawana: shule zikifungwa, nami nafungwa. Aprili, Agosti, Desemba. Mke wangu alikuwa karani wa ofisi na siku zake za likizo alizilimbikiza kama mahindi ya mbegu, akazitoa mimi nikifunga.

Hema lilikuja kwanza. Tulilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mtaa, tukidhani ni turubai la kufunikia mzigo. Tulipolikunjua sebuleni likajaa nyumba nzima, likasukuma meza, likatoa kichwa dirishani. Mke wangu akaingia ndani yake akakaa. Alikaa muda mrefu. Nikamwita.

"Mama, toka tule."

"Leta chakula huku," akasema. "Huku hakuna kelele."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Safari ya kwanza tulienda Kilimambogo na gari letu la rangi ya chai ya maziwa, ambalo lilipanda mlima likiimba sauti zote nne za kwaya. Mtaani habari zilitutangulia. Mnajua watu wa Eastlands. Mtu akiwa na nyumba yenye stima, maji Jumanne na Ijumaa, na kitanda cha futi tano kwa sita, halafu anabeba sufuria kwenda kulala porini, kuna jambo. Mama wa duka la chini alimvuta mke wangu pembeni.

"Mmefukuzwa na landlord?"

"Hapana."

"Ni deni?"

"Tunaenda kupumzika tu."

"Porini? Si mko Mowlem? Pumzikeni hapa!"

Kanisani wakatuwekea maombi. Nasema kweli, tulitajwa baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri, ingawa sisi ndio tulikuwa wasafiri.

Kwenye safari hiyo ya kwanza mke wangu alibeba ule mfarishi kwa sababu ya baridi. Vipande vilikuwa vimeshaunganishwa, tabaka tatu zimepigwa bandi kwa nyuzi ndefu za muda ili zisitembee, lakini alikuwa hajui achore nini juu yake. Katika vitabu alivyoona, watu hushona maua na nyota. Yeye alikaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni pa hema, akauweka mfarishi magotini, akaubana kwenye fremu ya duara aliyochongewa na mjomba wake, mchongaji vinyago wa huko kwao Ukambani, na akautazama mlima. Akachukua kipande chembamba cha sabuni kavu, kile mafundi wanachotumia kuchorea, akachora mgongo wa mlima kama alivyouona. Halafu akatia sindano.

Kufikia Jumapili mlima ulikuwa ndani ya mfarishi. Ukiupitisha mkono unausikia, nundu na yote.

Basi akajiwekea sheria. Mshono wa kushikanisha utatiwa mlangoni pa hema tu, mahali penyewe pakiwa mbele ya macho. Nyumbani aliweza kukata, kupima, kurekebisha bandi, lakini sindano ile haikugusa mfarishi Mowlem hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini, maana jioni za Mowlem ni ndefu na mimi nilikuwa shuleni nikipigana na hesabu.

"Nikishonea hapa nitashona nini?" akajibu. "Tangi la maji?"

Tukazunguka. Longonot, akashona ukingo wa shimo la mlima kama bakuli lililomeguka. Naivasha, mawimbi. Magadi, vile viwanja vya chumvi, mstari juu ya mstari, joto likiwa kali hadi mayai tuliyobeba yakafika yameshaiva, na nyote mnajua mimi si mtu wa kutia chumvi. Kakamega, ambako nilimpeleka kwa kiburi cha mwenyeji kwa sababu ni kwetu, mvua ikanyesha siku nne, akashona majani ndani ya hema akitazama nje kupitia tundu la mlango. Yatta, mstari mmoja mrefu ulionyooka, kwa sababu Yatta ukiiona kwa mbali ni hivyo, kama mtu amelaza rula.

Kazi yangu ilikuwa chai na sindano. Macho yake yalianza kuchoka mapema kwa ajili ya makaratasi ya ofisini, kwa hiyo mimi nilimtungia uzi. Kila asubuhi natunga sindano kumi, nazichomeka kwenye kofia yangu kwa mstari, na yeye akimaliza moja ananyoosha mkono bila kutazama, anachomoa kichwani kwangu nyingine. Nilikaa pale kama mti wa Krismasi. Siku moja kule Naivasha nilisahau nikajikuna. Viboko wote wa ziwa lile walinyanyua vichwa.

"Kwa nini usinunue cherehani?" nilimuuliza mara moja, mwanzoni kabisa, kabla sijamwelewa.

Alikuwa na kastabani kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Akagonga nayo fremu mara mbili, kama mwalimu.

"Cherehani inakimbia," akasema. "Mimi natembea."

Kona ya Turkana ni kosa langu. Nilikuwa nikirudi kutoka shule ya jioni nikimsomea masomo kwa sauti, eti nayaingiza kichwani, kumbe nilikuwa najionyesha. Jioni moja ikawa jiografia: ziwa lenye maji ya kijani katikati ya mawe meusi, upepo usiolala. Akaacha kukata kitambaa.

"Maji ya kijani? Katikati ya mawe?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha picha. Ilikuwa nyeusi na nyeupe.

"Hii haina kijani," akasema. "Nipeleke."

Akaukunjua mfarishi, akachagua kona ya chini upande wake, hapo miguuni, mahali pa ukubwa wa sinia la chai. Akachora duara kwa sabuni. "Hapa ni Turkana," akasema, na tangu siku hiyo mishono mingine yote ilipofika pale ilizunguka, kama watu wanaopita kiti kilichowekewa mgeni. Sehemu nyingine zikajaa. Kona ikabaki. Agosti moja gari liliugua. Agosti iliyofuata nilikuwa na mtihani. Desemba mvua ikakata barabara. Kila mara alikuwa akisema sawa, tutaenda, anakunja mfarishi ile kona ikiwa juu.

Halafu mama yake akaanguka jikoni.

Mama mkwe wangu anaishi Ukambani, mbele ya mji wa Wote, mwendo wa saa tatu ukiwa na gari kama letu. Kiharusi kilimshika upande wa kushoto. Mke wangu ndiye binti pekee. Kaka zake wana wake, lakini mama alikataa katakata kuoshwa na mtoto wa mtu mwingine. Mke wangu akaondoka na begi dogo la wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa barua ya kustaafu mapema. Mfarishi aliuacha. Aliusahau au aliuacha makusudi, sikuuliza. Nilifikiri kwamba mtu akiacha kitu chake cha thamani, basi anarudi.

Nilikwenda kumwona Jumamosi kwa Jumamosi. Lakini kuna jambo. Kwetu magharibi mkwe halali kwa mama mkwe wake. Haijalishi mvua, haijalishi gari limekufa. Na Ukambani nako heshima ya mkwe na mama mkwe ni kali hivyo hivyo. Katika mambo mengi sisi na wao tunabishana, kuanzia ugali hadi ndoa, lakini hapo tunaelewana vizuri kuliko bunge. Kwa hiyo nilifika saa tano, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu, mama mkwe yuko ndani nyuma ya pazia, na saa tisa nikaanza kurudi. Katikati, mke wangu ananiambia habari za vidonge vya presha, mimi namwambia habari za maji ya Mowlem. Kila tukianza kuongea la maana, mama anagonga ukuta kwa kikombe cha bati. Ko, ko, ko. Mke wangu anainuka. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na sita, na tulikaa pale kama wachumba wanaochungwa.

Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa naukunjua mfarishi najifunika upande wangu tu. Nilikuwa napitisha mkono. Hapa Magadi. Hapa Yatta. Mtu akiona baba mzima anapapasa blanketi hivyo atapiga simu.

Na ndipo nikaona kwamba kona ile inaharibika. Kwa vile haikushikanishwa, blanketi la ndani lilikuwa limeanza kukusanyika kama uji ulioganda, na ukingo unachanika. Nikaingiwa na huruma, na huruma ya mtu mwenye cheti ni hatari. Nikajiambia: mwenzako anachoka na mgonjwa, macho yake yameisha, siku yake ya kuzaliwa inakuja. Umalizie.

Fundi wetu yuko chini ya ghorofa, karibu na mama wa duka. Ni rafiki yangu, anashona sare za nusu ya mtaa wa Umoja. Nikamtandazia mfarishi mezani.

"Dere, kazi ya nani hii?"

"Ya mama."

Akaugeuza. Akavaa miwani. Akapiga mluzi. "Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Huyu mwanamke ana subira. Sasa ndiyo naelewa vile ameishi na wewe." Akagusa kona. "Na hapa ameacha wazi?"

"Hajapata nafasi. Nataka nimfanyie saprais."

"Dakika kumi na tano."

Nikamwamini. Ilimchukua kumi. Alipitisha mistari iliyonyooka, kwa uzi mweusi imara wa sare, kutoka ukingo hadi ukingo, akapiga na pindo kuzunguka mfarishi wote. Kazi safi. Imara kama gereza. Nikamshukuru, nikapanda ngazi mbili mbili, nikampigia mke wangu simu ya video kabla hata sijapumua.

Alikuwa kwenye kivuli cha jikoni, amejifunga leso. Nikageuza simu, nikapitisha polepole kama mtu wa televisheni: Kilimambogo, Longonot, Naivasha. Niliona anatabasamu. Nikafika kwenye kona.

"Tarara!" nikasema. Kweli kabisa. Nilisema tarara.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama? Umeona?"

"Nimeona."

"Imeisha!"

"Nani alikwambia inaisha?"

"Si nilitaka tu..."

"Umefunga Turkana," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Sawa. Labda umeona mbali kuliko mimi. Labda hatuendi." Kikombe kikagonga huko nyuma, ko, ko, ko. "Wacha nimgeuze mama."

Kwa wiki tatu baada ya hapo tulizungumza vidonge tu. Asubuhi kimoja, jioni kimoja na nusu. Jumamosi nikienda ananiletea chai, anakaa, anatazama njia. Mfarishi wala sikuuogopea. Kitambaa ni kitambaa. Niliogopa kwamba kwa miaka miwili ya kugeuza mgonjwa alikuwa ameshikilia mahali pamoja tu pa kwenda, pa ukubwa wa sinia la chai, na mimi nimepashona pakazibika. Na kwamba pale alipokuwa amekaa sasa, ananihesabu miongoni mwa watu waliokata tamaa naye.

Nikanunua kiwembe.

Kufumua mshono wa cherehani si mchezo. Nyuzi ni mbili, moja juu moja chini, zimekabana kama mahasimu. Unakata mshono wa nne, wa nane, wa kumi na mbili, halafu unavuta uzi wa chini polepole, na ukivuta kwa hasira kitambaa kinapasuka. Nilifanyia kazi hiyo ndani ya basi, nikishawashusha watoto asubuhi hadi saa ya kuwarudisha, nimekaa kiti cha nyuma kabisa, mfarishi umenifunika magoti. Mpishi wa shule alikuja kunichungulia dirishani.

"Dere, unatotoa mayai?"

"Nafumua."

"Kwani ulishona?"

"Nilishonesha."

"Na sasa unafumua."

"Ndiyo."

"Wanaume," akasema, akaenda kuosha sufuria. Lakini saa nne aliniletea uji, na tangu siku hiyo aliniletea kila siku.

Ili nisikate mishono ya mke wangu iliyo jirani ilibidi niitazame kwa karibu, na hapo nikaona jambo ambalo miaka tisa nililipita kwa gari. Mishono yake hailingani. Kule Naivasha ni midogo mno, mia mbili kwenye upana wa kiganja, naapa, imejipanga kama punje za mtama. Siku hizo alikuwa anacheka kutwa. Kakamega imeachana, mikubwa, inayumba, kwa sababu kulikuwa na giza la mvua na kwa sababu siku ya tatu tulinuniana, mimi nikikataa kukubali kwamba nilipiga hema kwenye njia ya maji. Siku ya nne inarudi kuwa midogo. Nilikuwa nimeshasahau kwamba tulipatana. Uzi haukusahau. Magadi kuna mahali imekatika kabisa, kidole kimoja cha nafasi, halafu inaendelea. Nilitafakari siku nzima ni nini. Kumbe ndipo tuliposikia heroe, wale ndege wekundu wa ziwani, wakiruka wote kwa pamoja, akashika mkono wangu na sindano ikiwa bado vidoleni, ikanichoma, na hakuna aliyejali.

Nilikaa kwenye basi tupu nikamsoma mke wangu kwa kidole. Nimesoma Kiswahili, hesabu, jiografia, biashara, nikafaulu. Hakuna kitabu kilichowahi kunirudisha ukurasa wa kwanza mara nyingi hivyo.

Uzi mweusi ulipoisha, shule zikafungwa. Nikainama chini ya kitanda kutafuta viatu, nikagonga kichwa kwenye hema.

Nikakaa sakafuni. Miaka miwili. Miaka miwili nilikuwa naendesha saa tatu kwenda na saa tatu kurudi kwa sababu siwezi kulala chini ya paa la mama mkwe, na chini ya kitanda changu nina paa langu mwenyewe la kukunja. Waliponipa kile cheti hawakunifanyia uchunguzi wa kutosha.

Nilifika Alhamisi alasiri. Sikuingia boma. Nilisimama nje ya ua wa mikatani, ile mikonge, upande wa pili wa njia, nikaanza kupigilia vigingi. Mke wangu alitoka jikoni na ungo wa mbaazi mkononi, akasimama.

"Baba, unafanya nini?"

"Napiga hema."

"Hapo?"

"Hapa si kwa mama. Hapa ni njia. Nimepima hatua."

Ko, ko, ko, kikombe ukutani. Aliingia, nikasikia sauti ya mama, iliyopinda upande mmoja lakini haijapoteza makali. Mke wangu akatoka mdomo umebanwa. Alikuwa anazuia kicheko, na sikuwa nimekiona kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anaumwa jino.

"Mama anauliza kama Nairobi wamekufukuza."

"Mwambie nimekuja kumsalimia."

Akaingia, akatoka.

"Anasema zizi la mbuzi lina nafasi, na lina mabati."

"Mwambie asante, mama. Mbuzi wake wanakoroma."

Ndani kikasikika kicheko, kicheko kizima cha mtu mwenye nusu ya mdomo, na majirani wakaanza kutokea mmoja mmoja kuja kumtazama mkwe aliyepanga chumba barabarani.

Jioni jua likiwa bado juu ya kilima, mama ameshaoshwa na kulishwa, mke wangu alivuka njia. Nilikuwa nimemwekea kiti chake cha kukunja mlangoni. Hakukaa. Aliuona mfarishi ndani ya hema, akapiga magoti, akaivuta ile kona kwenye mwanga. Mistari ilikuwa imetoka, lakini matundu ya cherehani yalibaki, safu kwa safu, kama njia za siafu.

"Umefumua wewe?"

"Kwa mikono hii miwili ya kidato cha nne."

"Umekata kitambaa mara mbili."

"Mara tatu. Moja sikuionyesha."

Akaitafuta, akaipata, akaingiza kidole. Halafu akakaa kwenye kiti.

"Matundu yataziba?" nikauliza.

"Mengine. Yakifuliwa." Akalainisha kona kwa kiganja. "Baba, mimi siwezi kwenda popote. Unalijua hilo? Mama anaweza kuishi hivi miaka kumi. Na naomba aishi. Naomba hivyo kila siku, halafu naona aibu kwa sababu nikimaliza kuomba nawaza mawe meusi."

Nikaukunja ukingo wa mfarishi usiguse vumbi.

"Sikuja kukuchukua," nikasema. "Nimekuja kukurudishia."

Kikombe kikagonga. Akaenda. Hakurudi jioni hiyo, mama alikuwa na homa kidogo. Nililala peke yangu hatua thelathini na nne kutoka kwa mke wangu, na ilikuwa karibu kuliko nilivyolala kwa miaka miwili.

Asubuhi alikuja na chai. Nilikuwa nimeshaamka, nimetunga sindano kumi, nimevaa kofia. Alinitazama kichwani, akatikisa chake, akakaa. Akatoa kwenye leso fremu ya mjomba na kastabani; kumbe vitu hivyo alivibeba tangu siku ya kwanza. Akaibana kona. Akakaa akitazama mbele: ua wa mikatani, mlango wa mama ulio wazi na pazia lake, njia nyekundu inayopita mbele ya hema letu na kushuka bondeni.

"Usishone hapa," nikasema. "Hii ni ya Turkana."

"Najua ni ya nini."

Akachukua kipande cha sabuni. Hakuchora boma wala mlango. Alianzia ukingoni kabisa mwa kitambaa, akavuta mstari mmoja, ile njia, ukapinda kidogo inapopinda, ukaingia kwenye ile kona tupu. Akanyoosha mkono bila kutazama, akachomoa sindano kichwani kwangu. Nilihesabu mishono. Nilisikia kastabani inasukuma, tik, tik. Ilikuwa mishono midogo, jamani, midogo kama ya Naivasha. Alikuwa amefika upana wa vidole vitatu kikombe kilipogonga.

Hakukata uzi. Aliichomeka sindano pale pale mstari ulipofikia, akavua kastabani, akainuka.

"Turkana inaanzia hapa mlangoni kwa mama," akasema. "Sasa ukimpelekea fundi tena, nitakupeleka huko peke yako kwa miguu."

"Na kama itachukua miaka?"

"Kwani nani anakimbia?"

Akavuka njia.

Nilikaa siku tatu. Mstari haukuongezeka, maana homa ya mama ilipanda na kushuka, na mimi nilichota maji, nikapasua kuni, nikatukanwa vizuri kupitia pazia. Jumapili nikang'oa vigingi. Nilimwachia fremu. Mfarishi alinikabidhi yeye mwenyewe, ameukunja ile kona ikiwa juu.

Sasa Mowlem najifunika wote, upande wangu na wake. Kona iko miguuni, na mimi ni mtu wa kujinyoosha. Kila baada ya siku mbili tatu ile sindano inanichoma kidole gumba cha mguu, naruka, namwita mke wangu kwa jina lake lote la ubatizo, ghorofa nzima inasikia. Fundi ameniambia mara mbili niichomoe, niiweke kwenye kikopo, itanitoboa mshipa. Namwambia sawa. Halafu naiangalia kama uzi bado uko kwenye tundu, naivuta kidogo isilegee, naiacha palepale. Sindano nyingine tisa ziko kwenye kofia, kofia iko kwenye msumari wa mlango, na zote nimeshazitunga.